Mafungu Yaliyoelea

Mwili wa Mama Hansa ulichomwa Jumamosi asubuhi, kwa desturi ya Kihindu, na mimi sikuuona moto kwa sababu basi la kutoka Dar liliharibika baada ya Same, tukakaa kando ya barabara mpaka fundi alipopatikana. Nilipofika Moshi watu walikuwa wamesharudi, wameoga, wamevaa nyeupe, wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai nyuma ya nyumba yake. Chini ya nyumba hiyo kuna duka la vitambaa vya sare za shule, juu kuna vyumba, na katika kimoja cha vyumba hivyo niliishi mwaka mmoja, nilipokuwa nimetoka chuo na sijui nifanye nini na nilichokisoma. Hansa mwenyewe, binti wa marehemu, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko alizokuwa nazo mama yake nilipomfahamu, alinishika mikono yote miwili akaniuliza kama nimekula. Kisha nikamwona Aloisi karibu na ngazi, amenenepa, amevaa shati jeupe linalombana shingoni. Aliinua mkono kama mtu anayesimamisha bodaboda, akanionyesha kiti pembeni yake. Nilikwenda nikakaa. Nilikuwa nimefanya mazungumzo naye kichwani mwangu kwa miaka mingi kiasi kwamba, nilipompata mbele yangu, nilijikuta nimechoka kabla sijaanza.

Sitaeleza ukoo. Watu wa Kilema wanajua mimi ni wa nani, na wengine hawatafaidika wakijua. Mwaka ule nilikuwa na shahada ya fizikia, vipindi vichache vya kufundisha katika shule moja ya binafsi, na tabia ya kubishana iliyowachosha wote walionipenda. Nilibishana na padri kuhusu miujiza, na mwenye duka la dawa kuhusu dawa ya kikohozi, na walimu wenzangu, wakati wa chai, kuhusu kama elektroni ina mahali ilipo kabla hujaipima. Chumba alichonipa Mama Hansa kilikuwa stoo. Majora ya kaki na ya bluu yalipangwa ukutani mpaka darini, na mimi nililala upande uliobaki, nikivuta harufu ya nguo mpya na ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu. Dirisha lilitazama mlima, lakini siku nyingi mlima ulikuwa na mawingu, na ulipotoka sisi tulikuwa tumeinamia kioo cha laptopu. Nikisema sisi, nasema mimi na Aloisi. Tulisoma darasa moja chuoni. Yeye ni wa Kirua Vunjo, na wakati huo alipanga Njoro, nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea. Kila fundi alipogusa chuma, taa ya Aloisi ilififia. Kwa Mama Hansa kulikuwa na betri kubwa ya kushikilia umeme ukikatika, kwa hiyo baada ya vipindi vyangu alikuja, akavua viatu mlangoni, tukafanya kazi hadi chakula cha jioni.

Masharti ya nyumba yalikuwa machache: nyama hapana, mayai hapana, viatu ndani hapana. Tulikula dengu, chapati, wali uliopikwa na choroko hadi ukalainika, na achari ya maembe iliyomfanya Aloisi atokwe na jasho juu ya midomo. Mama Hansa alikuwa mjane, mfupi, na pua yake haikudanganyika.

"Aloisi, umekula mbuzi."

"Shikamoo, Mama. Hapana, Mama. Nimepita tu karibu na jiko la nyama."

"Marahaba. Umepita mdomo wazi? Nenda kanawe."

Siku moja alisimama mlangoni, kanga ya jikoni begani, akatuuliza tunasoma nini hasa. Aloisi akamjibu kwamba tunasoma vitu vidogo. Vidogo kama nini, kama mbegu ya haradali? Vidogo zaidi, Mama, hata darubini haioni. Alitutazama, mimi na macho yangu mekundu, Aloisi na ndevu zake ambazo hazijanyolewa. "Kama ni vidogo hivyo," alisema, "kwa nini vinawachosha hivi?" Sijawahi kupata jibu la swali hilo, na nimeulizwa na watu wenye vyeo.

Kilichotuchosha ni hiki. Aloisi alikuwa amemwandikia profesa mmoja wa nje, bila kujuana, akiomba kusoma shahada ya pili chini yake. Profesa alijibu kwamba ana nafasi moja, na waombaji kadhaa, na kwamba kila mwombaji atafanya zoezi dogo: achukue jaribio linalojulikana la fizikia ya kwanta, alifanye kwenye mashine zilizofunguliwa kwa umma kupitia mtandao, aandike ripoti, apendekeze mada ya utafiti. Mimi sikuomba nafasi. Nilimsaidia kwa sababu jaribio lenyewe lilikuwa ndilo swali lililoninyima raha tangu mwaka wa pili chuoni. Kuhusu mada, hatukukubaliana hata siku moja. Mimi nilitaka misingi: je, kipimo kinafanya nini kwa kinachopimwa, na je, jibu lilikuwepo kabla hatujauliza? Yeye alitaka kompyuta za kwanta, hasa namna ya kusahihisha makosa yake, kwa sababu mashine zile zinakosea kama mtu mwenye homa.

"Wewe unataka kujua dunia ikoje," aliniambia. "Mimi nataka kujua nani atanilipa nikishaijua."

"Na hiyo kompyuta yako itafanya nini hapa Moshi?"

"Itatafuta dawa mpya. Itavunja siri za benki."

"Benki gani? Ile ambayo kila ukienda mtandao haupo?"

"Manka, wewe hata ukifika mbinguni utamwomba Petro kitambulisho."

Jaribio linaweza kuelezwa bila hesabu nyingi. Unatengeneza chembe mbili zilizofungamana, yaani hali ya moja haielezeki bila ya nyingine. Kila upande unaulizwa swali moja kati ya mawili, na jibu huwa ndiyo au hapana. Unarudia mara nyingi, kwa michanganyiko yote minne ya maswali, unatazama majibu yanavyolingana, kisha unapata namba moja. Kama kila chembe ilikuwa imebeba majibu yake mfukoni tangu mwanzo, na haipewi habari za upande wa pili, namba hiyo haivuki mbili. Nadharia ya kwanta inaruhusu ifike karibu na mbili nukta nane tatu, isizidi. Maabara zimeshaonyesha kwamba inavuka mbili. Kwa hiyo dunia haibebi majibu mfukoni, au kuna jambo jingine la ajabu sawa na hilo, na wataalamu bado wanagombana ni lipi. Zoezi la Aloisi lilikuwa kuvuka mbili kwenye mashine mbovu. Basi.

Tulifanya kazi kwa bando. Mtandao ulikuwa unakatika, na foleni ya mashine ilikuwa ndefu, kwa hiyo hatukutuma kazi kubwa kwa mara moja; tulituma mafungu madogo madogo, na tukipata fungu tunalihifadhi kabla bando halijaisha. Mashine yenyewe ilikuwa na siku zake. Kuna saa ilifanya vizuri, na kuna saa ilitoa majibu kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Sasa tufanye nini na mafungu ya saa mbaya? Hatukujadiliana hata kidogo. Mtu aliyekulia kwenye migomba na mikahawa ya mteremko ule anajua. Kahawa ikishachumwa unaimimina kwenye ndoo ya maji. Nzima inazama, nyepesi iliyotobolewa na wadudu inaelea, unaichota unaiweka pembeni, na iliyozama ndiyo inayokwenda kwenye mashine ya kumenya. Nilifanya hivyo nikiwa sijaanza shule. Aloisi naye. Kwa hiyo fungu ambalo majibu yake yalilingana kwa nguvu tulilihesabu, na fungu ambalo majibu yake yalilegea tulisema mashine ilikuwa haijakaa sawa, tukaliweka pembeni. Tuliita hivyo hivyo. "Hili linaelea," Aloisi alisema, na mimi, niliyembishia padri, nilisema, "Chota."

Nimelifikiria jambo hili kuliko mambo mengi ya maisha yangu. Nilijivunia kuuliza kila kitu. Lakini kuuliza nilikujifunza shuleni na chuoni, na ndoo ya maji ilikuwa imetangulia shule. Kile nilichokijua kwa mikono kilikaa chini ya maswali yangu kama sakafu, na hakuna anayehoji sakafu anayosimamia.

Namba ikatoka tatu na kidogo. Aloisi aliifanya upya mbele yangu, akaifanya tena, kisha akasimama akagonga kichwa kwenye jora la kaki. Mbili tulikuwa tumeipita. Tumepita hata kile ambacho nadharia yenyewe inaruhusu. Nilisema haiwezekani, kama ilivyo kawaida yangu, na kwa siku kadhaa nilitafuta kosa: katika pembe za vipimo, katika alama za kujumlisha na kutoa, katika mpangilio wa chembe ipi ya kushoto ipi ya kulia. Sikuliona. Aloisi hakungoja nimalize. Alimwandikia profesa kwamba amepata kitu, akataja namba. Profesa, aliyekuwa akichukua wiki nzima kujibu, alijibu siku iliyofuata. Aliandika kwamba jambo hilo ni la ajabu sana, kwamba angependa kuona ripoti kamili na data yote kabla hajaamua juu ya nafasi, na kwamba hakuna mwombaji mwingine aliyemshangaza.

Jumapili iliyofuata nilialikwa Kirua, kwa kina Aloisi. Walipika mtori na kiburu cha ndizi na maharage, pombe ya mbege ikatoka, na chumba cha mbele kilijaa wajomba. Nilikaa kwenye kochi lenye kitambaa cha vifundo, sahani magotini, nikisikiliza wanavyozungumza juu ya Aloisi kama hayupo, naye ameketi hapo hapo akitabasamu kwenye bakuli.

"Anakwenda Ulaya kupima vitu ambavyo havionekani."

"Havionekani! Na mshahara wake utaonekana?"

"Mae! Mwache. Mbona wewe unatoa sadaka?"

Wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Shangazi yake alileta koti zito la kijivu alilolitafuta Kiboriloni kwenye mitumba, akamvalisha pale pale, joto lote lile, akamgeuza kama mwanamitindo. Lilimfika magotini. "Kule kuna barafu barabarani," shangazi aliwaeleza wenzake, "siyo juu ya mlima kama hapa." Aloisi alikula chakula chote kilichobaki akiwa amelivaa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Sikujua bado kuna kosa gani. Niliogopa tu kuona watu wengi hivyo wamekaa juu ya namba moja.

Kosa nililipata alasiri ya siku ya kazi, bila ushujaa wowote. Muda wetu wa kutumia mashine ulikuwa umeisha kwa mwezi huo, Aloisi alikuwa Njoro anaandika ripoti, na mimi nilitaka kujaribu programu yake ya kuchora michoro. Sikuwa na data mpya, kwa hiyo nilibuni. Niliandika programu fupi iliyocheza mchezo ule wa kizamani, ambamo kila chembe imebeba majibu yake mfukoni. Ilikuwa data iliyokufa, haina kwanta hata chembe; namba yake haiwezi kuvuka mbili isipokuwa kwa bahati ndogo. Niliigawa katika mafungu madogo, kwa mazoea, nikaipitisha kwenye programu yetu yote, pamoja na ile sehemu ya kuchota yaliyoelea. Ikatoka mbili na nusu, na zaidi.

Chini dukani nilimsikia Mama Hansa akibishana na mzazi kuhusu urefu wa sketi. Fungu dogo huyumba, ndivyo lilivyo. Watu warushe sarafu mara chache chache, wengine watapata vichwa vingi, wengine vichache. Ukiwatupa wote waliopata vichache, utaamini sarafu zote zina vichwa pande mbili. Sisi tulikuwa tumeiuliza dunia swali, na kila ilipojibu tofauti na tulivyotaka, tulisema imeelea.

Nilimpigia Aloisi aje. Alikuja na karatasi za ripoti ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Nilimwonyesha bila maneno mengi: data ya kubuni, mafungu, namba. Aliendesha programu mwenyewe. Alibadilisha ile namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu, akaendesha tena.

"Hii ni yako," alisema. "Ya kwetu ni ya mashine kweli."

"Aloisi."

"Mashine inalala, Manka! Umeona mwenyewe inalala. Utaweka na zile za kulala?"

"Zote. Au uchague kwa kitu kingine, si kwa jibu lenyewe."

"Kahawa mbovu unaikoboa?"

"Kahawa inaelea kwa sababu ni mbovu. Sisi tumesema ni mbovu kwa sababu hatukuipenda."

Akavua miwani. Alisema, kwa sauti ya chini sana, kwamba profesa ana data ya watu wengi, kwamba hatapekua kila fungu, kwamba akishafika kule atalirekebisha yeye mwenyewe, ndani ya miezi michache, kwa heshima. Alisema kwamba mimi sina nafasi ninayoipoteza, ndiyo maana ni rahisi kwangu. Hilo lilikuwa kweli. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Hivi umewahi kuamini kitu chochote, hata kimoja, kikadumu siku nzima?" Mama Hansa alikuwa amepanda ngazi na sinia ya chai. Aliitazama miguu ya Aloisi, iliyokuwa bado na viatu, akaweka sinia juu ya jora, akashuka bila kumwambia avue. Nilijua basi kwamba hali ni mbaya.

Sikumwandikia profesa. Wengine waliniambia baadaye kwamba nilipaswa kufanya hivyo, na wengine kwamba nilipaswa kunyamaza kabisa. Nilimwambia Aloisi jina langu lisiwemo kwenye ripoti, na programu ya data ya kubuni nikampa kwenye flashi. Siku chache hakuja. Nilikula na Mama Hansa. Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni, miguu mitupu, akaniambia ameyaweka mafungu yote, yaliyozama na yaliyoelea, na imetoka mbili nukta tatu. Namba nzuri. Namba halali kabisa, inayovuka mbili, inayosema lile ambalo kila mtu alikwishalijua. Ameituma, pamoja na maelezo ya jinsi tatu ilivyopatikana.

Profesa alijibu baada ya wiki mbili. Alisifu uaminifu wake. Alisema kosa lile ni la zamani, limewapata watu wakubwa, na maelezo yake ni mazuri. Nafasi alipewa mwingine. Nimesoma jibu lile mara moja tu, juu ya bega la Aloisi, na bado naweza kulisema lote. Koti sijui lilikwenda wapi. Kirua waliambiwa viza imekataliwa, kwa sababu viza watu wanaielewa.

Mwaka uliofuata niliomba shahada ya pili Dar es Salaam. Mada yangu ilikuwa jinsi kuchagua data kunavyoweza kuzaa ufungamano usiokuwepo, na mfano wa kwanza katika sura ya kwanza ulikuwa wetu. Nilimwomba ruhusa Aloisi kwa ujumbe wa simu. Alijibu, "Poa." Sasa nafundisha. Wanafunzi wangu wote wanataka kompyuta za kwanta, wanakuja na maneno makubwa waliyoyaona kwenye video, na nawaelekeza kwenye kusahihisha makosa kwa sababu huko kuna kazi. Misingi haina fedha. Kila mwaka mmoja huuliza kama jibu lilikuwepo kabla ya kuuliza, na huwa namwambia aje ofisini, na anapokuja nahisi uzito mabegani kabla hajafungua mdomo. Nimeandika, nimesahihisha, nimekaa kwenye kamati. Swali liko pale pale lilipokuwa kwenye stoo ya kaki.

Chini ya turubai walituletea dengu na wali kwenye sahani za karatasi. Aloisi anafanya kazi na kampuni ya minara ya simu. Anazunguka Same, Rombo, Hai, na ana watoto wawili. Alinieleza juu ya betri za minara na wezi wa mafuta ya jenereta, akacheka, akauliza mimi nafundisha nini siku hizi. Nikaona ndiyo nafasi. Nilimwambia kwamba bado natumia mfano wetu darasani, ile tatu nukta moja moja.

"Ipi?"

"Namba yetu. Kabla hatujarudisha yaliyoelea."

Alitafuna taratibu. "Ilikuwa tatu? Mimi nakumbuka kama mbili na kitu."

"Mbili na kitu ni baadaye. Ile uliyoituma mwisho."

"Aah." Akatikisa kichwa. "Manka, nimesahau kabisa. Nakumbuka tulifanya kitu cha mtandao, bando linaisha, na yule profesa. Nakumbuka achari. Hayo mengine, kweli, yamekwenda."

Nilimtazama usoni kama nilivyokuwa nikitazama mchoro. Huyu alikuwa bora kuliko mimi katika hesabu, angeweza kukariri jedwali lote la majibu, alifanya namba ile upya mara sijui ngapi akiwa amesimama. Labda amesahau, watu wanasahau. Labda amenihurumia. Labda hataki kuzungumza juu yake msibani, na mke wake yuko kiti cha tatu. Kulikuwa na njia za kumpima: ningemtajia jina la programu, ningemwambia namba ya uongo nione kama atanisahihisha. Maswali yote yalikuja, yakapanga foleni mdomoni.

"Sawa," nilisema.

Akainuka na sahani zote mbili, yake na yangu, akaenda kuniongezea wali.